Fundi Mkali na Chombo Kipole

Juma lililopita, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumeketi barazani kama desturi yetu, dele la kahawa likizunguka na sahani ya kashata ikipungua, pakazuka ubishi baina ya vijana wawili. Mmoja amenunua pikipiki kuukuu ya Kiingereza, iliyoundwa kabla babake hajazaliwa, na mwaka mzima sasa anaifungua na kuifunga. Wa pili ni dereva wa bodaboda.

Yule wa kwanza alishikilia kwamba pikipiki za Kijapani hazina roho. Alizifananisha na cherehani: unaiwasha, inakwenda, unafika, basi. Ile yake, alisema, ina tabia zake kama mtu. Asubuhi hutaka kubembelezwa, jua likiwa kali hununa, na mwenye nayo huijua kwa mlio wake kabla haijapinda kona. Mwenziwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwamba yeye huamka alfajiri kila siku kutafuta unga wa watoto, na chombo cha kununa hana nafasi nacho.

Wakanigeukia mimi niwaamue, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mkubwa wao pale. Sikuwa na jawabu la papo hapo. Nilirudi nyumbani nikiwaza, na niliyoyawaza ndiyo haya ninayowaletea wasomaji leo.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na pikipiki ya Kiingereza. Ilikuwa nyeusi, na tangi lake aliling'arisha mpaka ungeweza kujitazama uso. Chini ya injini aliweka bati la kukingia oili, maana ilikuwa hailali usiku bila ya kudondosha. Sisi watoto wa mtaa tulikuwa tukikusanyika kumtazama akiiwasha, na ilipokubali tulipiga makofi kama tumeiwasha sisi.

Usiku mmoja wa masika, katika miaka ya sitini, mkewe alishikwa na uchungu. Mkunga alikuwa akikaa upande wa pili wa mji. Ami akatoka mbio akapiga kiki. Haikuwaka. Akafungua plagi, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akairudisha, akapiga tena. Haikuwaka. Mvua inanyesha, ndani sauti za wanawake zinasikika, naye anapiga kiki mpaka mguu unamtetemeka. Ndipo jirani yetu, mchuuzi wa samaki, alipotoka na kipikipiki chake cha Kijapani, kile ambacho mtaa mzima ulikuwa ukikicheka kwa udogo wake na kwa harufu ya papa. Kiki moja tu kikaitika. Mkunga akafika kwa wakati, na mtoto akazaliwa salama.

Ami hakuiuza pikipiki yake. Aliipenda mpaka siku aliyokufa. Lakini tangu usiku ule sikumsikia tena akikicheka chombo cha jirani.

Kipikipiki kile kilikuwa Honda ya 50cc. Miaka mingi baadaye nilipata kusoma habari za mtu aliyekiunda, Soichiro Honda, nikastaajabu. Nilitarajia kumkuta mtu mtulivu, mwenye kupima maneno, mfano wa chombo chake. Nikamkuta mtu wa hasira, mpenda mashindano na starehe, aliyekuwa akirusha spana akiudhika. Ikiwa kuna pikipiki yenye tabia, basi Honda mwenyewe ndiye aliyekuwa hiyo pikipiki. Sasa mtu kama huyo alipataje kutuundia chombo kipole kuliko vyote?

MWANA WA MHUNZI

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Babake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye aligeukia kazi ya kutengeneza baiskeli. Mamake, Mika, alikuwa mfumaji wa nguo. Hawakuwa na mali, lakini vyuma vilikuwa vimejaa nyumbani, na mtoto alikulia kwenye moshi wa tanuri la babake.

Alikuwa bado mdogo gari la kwanza lilipopita kijijini kwao. Alilikimbilia nyuma mpaka likasimama, na liliposimama likadondosha oili ardhini. Akainama, akaigusa kwa vidole, akainusa, na harufu ile hakuisahau maisha yake yote. Nawaomba wasomaji waikumbuke oili hiyo, maana mtu aliyekuja kuzifundisha pikipiki zisidondoshe oili, mapenzi yake kwa mashine yalianza kwenye tone lililovuja.

Mwaka 1917, Mmarekani mmoja aitwaye Art Smith alikuja Hamamatsu kuonyesha mchezo wa ndege. Soichiro alichukua baiskeli ya babake bila ya ruhusa. Kiti hakukifikia, basi akapenyeza mguu katikati ya fremu na kukanyaga pedali hivyo hivyo mwendo wote. Alipofika akakuta kiingilio kimezidi pesa alizokuwa nazo. Akapanda mti wa msonobari nje ya uwanja akaitazama ndege kutoka huko juu.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Kwa Wajapani muhuri ndio sahihi, na ripoti ya shule ilibidi irudi na muhuri wa mzazi. Soichiro, akiogopa kumwonyesha babake alama zake, alichonga muhuri wa mpira akajigongea mwenyewe. Hila ikafaulu, na wenzake wakamwomba awachongee na wao. Hapo ndipo alipofichuka. Herufi za jina la Honda zinafanana ukizitazama kulia au kushoto, kwa hiyo hakujua kwamba muhuri huchongwa kinyume. Majina ya wenzake yalitoka yamegeuka. Kilichofaa nyumbani kwake hakikufaa kwa jirani, na kosa la namna hiyo hiyo tutaliona tena akiwa mtu mzima mwenye kampuni.

Mwaka 1922, akiwa na miaka kumi na mitano, alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Miezi ya mwanzo hakupewa spana. Alipewa mtoto wa tajiri wake ambebe mgongoni. Tarehe 1 Septemba 1923 likapiga lile tetemeko kubwa la ardhi la Tokyo, na gereji ikateketea kwa moto. Wanagenzi wengi walirudi makwao. Honda alibaki, na kwa magari yaliyoungua akaijua kazi: kuyafungua yote, kunyoosha kilichopinda na kuyarudisha barabarani. Mwaka 1928 tajiri wake alimwamini hata akamruhusu kufungua tawi la gereji ile huko Hamamatsu.

Wakati huo alikuwa kijana wa mbio. Huko nyuma gereji iliunda gari la mashindano lenye injini ya ndege, na Honda alikuwa miongoni mwa walioliunda. Mwezi wa Juni 1936 aliingia mashindano ya Tamagawa na gari lake mwenyewe, ndugu yake Benjiro akiwa kando yake kama fundi. Gari likapinduka. Soichiro aliumia usoni, na Benjiro akavunjika vibaya.

RINGI TATU KATI YA HAMSINI

Gereji ilikuwa ikimlisha vizuri, lakini aliona kutengeneza vitu vilivyoundwa na wengine hakumtoshi. Akaamua kutengeneza ringi za pistoni. Ringi ni kitu kidogo, duara la chuma linaloizunguka pistoni, lakini likiwa baya injini hupoteza nguvu na kunywa oili. Alidhani ni kazi nyepesi. Alikesha karakanani usiku baada ya usiku, nywele zikarefuka, na akiba yake ikaliwa.

Alipopeleka ringi zake kwa kampuni ya Toyota, katika hamsini zilizopimwa zilipita tatu tu. Zile arubaini na saba zilikataliwa. Nadhani hii ndiyo siku iliyomfanya Honda kuwa Honda. Mtu wa tabia yake angeweza kuwalaumu waliopima. Yeye alikuwa mtu wa kuuliza: kabla ya hapo, ringi zake za mwanzo ziliposhindikana, alikwenda kuuliza, akaambiwa kwamba chuma chake kimepungukiwa na silikoni, akaona aibu kwa kuwa hakuwa akijua hata silikoni ni kitu gani. Akiwa mtu mzima mwenye mke na wafanyakazi, akajiandikisha kusikiliza masomo katika chuo cha ufundi cha Hamamatsu. Mtihani hakuufanya, na stashahada hakupewa. Aliona tikiti ya sinema ina faida zaidi, kwa kuwa yenyewe hukuingiza sinema, na stashahada haikuhakikishii hata riziki. Lakini ringi zake zilikubaliwa.

Kisha vikaja vita. Toyota ilichukua sehemu ya kampuni yake, mabomu yakaipiga karakana moja, na Januari 1945 tetemeko la ardhi likaiangusha nyingine. Vita vilipokwisha aliwauzia Toyota haki yake kwa yen 450,000, na kwa muda wa mwaka mmoja hakufanya kazi yoyote. Hakuwa Mwislamu, na mwaka ule aliutumia kwa ulevi na kupiga zumari, akingoja kuona nchi iliyoshindwa itaelekea wapi.

NGUO YA BIBI SACHI

Mwaka 1946 Japani ilikuwa na njaa. Mabasi hayakutosha, treni zilijaa hadi madirishani, na mtu aliyetaka mchele au viazi ilimlazimu kukanyaga baiskeli mpaka mashambani. Honda aliona kwa rafiki yake kijinjini kilichokuwa kikiendesha jenereta ya redio za jeshi. Akakifunga kwenye baiskeli. Tangi la petroli hakuwa nalo, akatumia chupa ya bati ambayo Wajapani huitia maji moto ili kupasha kitanda.

Mtu wa kwanza kupewa chombo hicho akijaribu mjini alikuwa mkewe, Bibi Sachi. Ndiye aliyekuwa akihangaika na baiskeli kutafuta chakula, na mumewe alitaka kuona kama mwanamke ataweza kukiendesha. Bibi alikwenda, akarudi, na suruali yake nzuri imeloa mafuta yaliyotemwa na kabureta. Akamwambia mumewe waziwazi kwamba chombo kama hiki hakuna mteja atakayekivumilia. Honda, ambaye si wengi waliothubutu kumsahihisha, alirudi karakanani akarekebisha kabureta.

Napenda kisa hiki kuliko vyote katika maisha yake. Fundi huweza kukiita kilema cha mashine kuwa ni tabia yake, kwa sababu yeye amezoea oili na nguo zake zimekwisha kuchafuka. Anayejua ukweli ni yule aliyevaa nguo safi na ana pahali pa kwenda. Bibi Sachi hakutaka kujua injini ina roho au haina. Alitaka kufika sokoni na kurudi.

Injini zile za jeshi, yapata 500, ziliuzwa zote. Honda akaanza kuunda zake, na tarehe 24 Septemba 1948 ikaandikishwa kampuni ya Honda Motor. Mwaka uliofuata akatoa pikipiki iliyoitwa Dream, na mwaka huo huo akampata Takeo Fujisawa, aliyekuwa mwenye akili ya biashara kama Honda alivyokuwa na akili ya vyuma. Walipatana kwamba mmoja asiingilie kazi ya mwenziwe. Honda hata muhuri wa kampuni alimwachia Fujisawa. Na walikubaliana pia kwamba watoto wao hawatairithi kampuni.

Ni Fujisawa aliyelalamika kwamba injini za mipigo miwili, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, zina kelele kali na wateja wamezichoka. Ikaundwa Dream mpya ya mipigo minne. Tarehe 15 Julai 1951, katika mvua kubwa, kijana Kiyoshi Kawashima aliipandisha mlima wa Hakone, mahali ambapo magari mengi ya siku hizo yalikuwa yakisimama njiani kupoa. Honda na Fujisawa wakamfuata kwa gari la Kimarekani wasimpate. Walimkuta juu akiwangoja.

Humo karakanani, wafanyakazi walimbandika tajiri wao jina la Ngurumo. Akikuta nati haikukazwa alipiga kelele, alirusha kilichokuwa mkononi, na mara nyingine alipiga mtu. Sioni sifa yoyote katika kumpiga mfanyakazi, wala simtetei. Lakini yafaa tujue alikuwa akikasirikia nini. Kwake nati iliyolegea haikuwa kosa la vyuma. Ilikuwa ni mtu asiyemjua, mahali asipopajua, anaanguka barabarani kwa sababu ya uvivu wa mtu mwingine.

WALIOFIKA WOTE

Mwaka 1954 kampuni ilikaribia kuzama. Skuta iliyoitwa Juno, iliyovikwa mwili wa plastiki, ilikuwa nzito na injini yake ikipata moto kupita kiasi. Dream kubwa ya mwaka ule ikawa na matatizo ya kabureta, na madeni ya mashine zilizonunuliwa ng'ambo yakawa yamefika wakati wake. Ni katika mwezi wa Machi mwaka huo huo, maji yakiwa shingoni, Honda alipotangaza kwamba pikipiki zake zitakwenda kushindana Isle of Man, kisiwa cha Uingereza ambacho kilikuwa ndio mtihani mkubwa wa pikipiki duniani.

Mwezi wa Juni alikwenda mwenyewe kutazama. Akaona pikipiki za Kijerumani zenye nguvu za farasi mara tatu ya zake kwa injini za ukubwa ule ule. Wengi wangekata tamaa. Yeye alirudi na mizigo ya kabureta, cheni na matairi aliyoyanunua Ulaya, akaanza upya.

Timu yake ilifika kushindana mwaka 1959, katika daraja la 125cc. Naomi Taniguchi akawa wa sita, na wenzake wakashika nafasi ya saba, ya nane na ya kumi na moja. Hakuna aliyeshinda, lakini walikuja nyumbani na tuzo ya timu bora ya kiwanda, kwa kuwa walifika. Miaka miwili baadaye, 1961, Mwingereza Mike Hailwood akiwa juu ya Honda alishinda daraja la 125cc na la 250cc, na katika kila moja nafasi tano za mwanzo zilikuwa za Honda. Watu wa pwani tunaolijua jahazi hatuwezi kulishangaa jambo hili. Tanga zuri husifiwa bandarini, na chombo husifiwa kikisharudi.

KIPIKIPIKI CHA MCHUUZI

Katikati ya mbio hizo ndipo kilipozaliwa kile kipikipiki cha jirani yetu. Fujisawa alikuwa amemshikilia Honda kwa muda mrefu amuundie chombo kidogo ambacho kijana anayepeleka tambi kwa wateja ataweza kukiendesha kwa mkono mmoja, wa pili umebeba sinia. Kisitishe wanawake, kisichafue nguo, na kipite katika barabara mbovu za Japani ya wakati huo.

Matokeo yake yalitoka Agosti 1958 kwa jina la Super Cub. Injini ya 50cc ilitoa nguvu za farasi 4.5. Mkono wa klachi haukuwapo, kwani klachi ilijifungua yenyewe gia ilipobadilishwa kwa mguu. Mbele kulikuwa na ngao ya plastiki ya kukinga tope na upepo, na magurudumu yalikuwa makubwa kuliko ya skuta ili yasimezwe na mashimo. Bei yake ilikuwa yen 55,000. Kila jambo ndani yake lilikuwa jawabu la lalamiko fulani, na ukitazama kwa makini utaiona pale suruali ya Bibi Sachi.

Lakini nilisema tutarudi kwenye kosa la muhuri. Mwaka 1959 Honda ilifungua ofisi Los Angeles, Marekani, na ikapeleka pia pikipiki zake kubwa. Mwaka uliofuata zikaanza kuharibika. Gasketi zilivuja oili na klachi zikashindwa. Mjapani alikuwa akienda mwendo mfupi kwa pole. Mmarekani alikuwa akiifungua pikipiki mwisho na kwenda hivyo kwa saa nzima. Kilichofaa nyumbani hakikufaa ugenini. Pikipiki mbovu zilirudishwa Japani kwa ndege, zikaendeshwa na kuharibiwa makusudi mpaka sababu ikaonekana, na gasketi mpya pamoja na springi mpya za klachi zikaundwa. Wakati huo vile vipikipiki vidogo, vilivyopelekwa bila ya matumaini makubwa, ndivyo vilivyoibeba biashara.

Waingereza nao walikuwa wakitazama. Edward Turner, mbunifu mashuhuri wa pikipiki za Triumph, alizuru viwanda vya Japani mwaka 1960, na akarudi kuwaonya wenzake. Hawakuamini kwamba watengenezaji wa vipikipiki watazigusa pikipiki kubwa. Mwaka 1969 ikaja Honda CB750, yenye silinda nne, nguvu za farasi 67, breki ya diski mbele, na kitufe cha kuwashia. Injini nyingi za Kiingereza ganda lake liliungwa kwa mshono wa wima, na mshono huo ulikuwa mlango wa oili. Za Honda ziliungwa kwa ulalo, na zikakaa kavu. Kufikia 1973 BSA, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilikuwa imekwisha kuanguka, na kiwanda cha Triumph huko Meriden kikafungwa 1983.

HEWA NA MAJI

Hapa kisa kingeweza kwisha kwa sifa tupu, lakini mtu mwenyewe alibakiwa na mtihani mmoja, na ulikuwa mgumu kuliko yote.

Kampuni ilikuwa sasa ikiunda magari. Honda alishikilia kwamba injini ya gari ipozwe kwa hewa kama ya pikipiki. Hoja yake ilikuwa kwamba rejeta huvuja na maji huchemka, basi yaondoke. Mwaka 1968 gari la mashindano lenye injini ya namna hiyo lilipelekwa Rouen, Ufaransa, ingawa dereva wa timu, John Surtees, alilikataa kwa kuona halijawa tayari. Dereva Mfaransa, Jo Schlesser, akaliendesha. Liliacha njia, likashika moto, na Schlesser akafa. Hata baada ya hayo Honda alisimama pale pale. Mwaka 1969 likatoka gari la watu, H1300, lenye injini ya hewa iliyokuwa ajabu ya ufundi, nzito, ghali, na wanunuzi hawakulikimbilia.

Vijana wake wahandisi waliona wazi kwamba sheria za moshi zilizokuwa zikija haziwezi kutimizwa ila kwa injini ya maji. Wakamwendea Fujisawa. Naye akamwendea Honda na kumuuliza swali moja: je, anataka kuwa mkuu wa kampuni au mhandisi? Honda alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba afadhali abaki mkuu wa kampuni. Vijana wakaruhusiwa maji.

Mnamo 1972 wakatoa injini iliyoitwa CVCC, iliyotimiza sheria ya Marekani ya hewa safi ya mwaka 1970 wakati makampuni makubwa yakisema haiwezekani. Honda alifurahi, akasema sasa watayapita makampuni makubwa ya Marekani. Wahandisi wakamwambia kwamba wao hawakuifanya kazi ile kwa ajili ya kuwashinda watu. Waliifanya ili watoto wapate hewa ya kuvuta. Maneno hayo yalimwingia. Aliona wakati wake umepita. Oktoba 1973, akiwa na miaka sitini na sita, alijiuzulu siku moja na Fujisawa, na uongozi ukachukuliwa na Kiyoshi Kawashima, yule kijana aliyepanda Hakone katika mvua.

Kwa maoni yangu hilo ndilo tendo kubwa la Soichiro Honda. Maisha yake yote alikuwa akiondoa tabia mbaya kwenye mashine: kuvuja, kugoma, kupata moto. Mwishowe aliikuta tabia mbaya moja iliyobaki, nayo ilikuwa ndani yake mwenyewe, akakubali kuiondoa.

MKONO WENYE OILI

Baada ya kujiuzulu alifunga safari ya kuzunguka Japani nzima, matawi na gereji zipatazo 700, ili amshike mkono kila mfanyakazi na kumshukuru. Mahali pamoja fundi kijana alinyosha mkono, akaona umejaa oili, akaurudisha kwa haya. Mzee akaushika kwa nguvu, kisha akanusa kiganja chake, kama alivyofanya utotoni nyuma ya lile gari.

Fujisawa alifariki mwisho wa mwaka 1988. Honda akamfuata tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 84. Alikuwa ameusia kwamba asifanyiwe mazishi makubwa ya kampuni, kwa sababu msongamano ungefunga barabara, na muundaji wa magari hapaswi kuwachelewesha watu wenye safari zao. Hata maiti yake hakutaka imzuie mtu kufika. Mwezi wa Oktoba 2017 hesabu ya Super Cub zilizoundwa ilipita milioni 100.

Sasa nirudi kwa vijana wangu wa barazani. Wewe mwenye pikipiki kuukuu, sikukatazi kuipenda. Ami yangu aliipenda yake, na kwa kuifungua na kuifunga alikuwa fundi aliyeheshimika mtaani. Nawe mwenye bodaboda, usikubali kuambiwa kwamba chombo chako hakina roho. Roho ipo. Ni ya mtu aliyerudi shule kwa ajili ya ringi, akakataliwa arubaini na saba asikate tamaa, aliyesikiliza lalamiko la mkewe, na aliyekasirikia nati iliyolegea. Aliitia humo ndani usipoiona, nawe abiria wako akikupakatia mgonjwa usiku wa manane, unapiga kiki moja ukaondoka.

Yule mtoto aliyezaliwa usiku wa mvua leo ni bibi mwenye wajukuu. Pikipiki ya ami iko kwake, imesimama uani chini ya turubai, na bati la oili bado liko chini yake.